Visigino Chini
Kabla ya somo la kwanza la kupanda farasi, mwalimu alinipa masharti ya kiatu: kiwe na kisigino cha sentimita 2.5 hivi, ili mguu usipenye kwenye kikuku, kile cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, na kunaswa. Soli iwe nyororo. Kifundo cha mguu kifunikwe. Na kamba zisining'inie. Raba zangu za mazoezi, ambazo hazina kisigino chochote, zilikataliwa papo hapo. Buti za kupanda milima nazo zilishindwa kwa unene, kwa kuwa inatakiwa nafasi kidogo ibaki kila upande wa kiatu, ilhali zangu zilikiziba kikuku kama kizibo cha chupa.

Mfuko wangu haukuniruhusu hata kuzitazama buti ndefu za ngozi, ambazo kwa anayeanza ni fahari kuliko haja. Nikanunua buti fupi za mtumba zenye zipu, zilizokuwa zimelala sandukuni miaka mingi bila kuvaliwa. Muuzaji aliapa kwamba ni mpya, na kweli ziling'aa. Lakini soli za povu la poliurethani, aina ya plastiki, huliwa na unyevu wa hewa hata zikiwa zimefungiwa, na sanduku lile lilikuwa limeipa kazi hiyo muda wa kutosha.

Nilipanda bila tatizo, nikakaa wima juu ya mnyama wa kilo 500, nikajiona jemadari. "Visigino chini, ndugu yangu!" mwalimu akaamuru. Nikavikandamiza kwa utiifu wote. Kisigino cha kushoto kikashuka kuliko alivyokusudia, kikatua mchangani. Cha kulia hakikutaka kuachwa. Kilifuata kikiwa vipande vipande, pamoja na nusu ya soli, na farasi akasimama bila kuambiwa, akainamisha shingo, akanusa makombo yale, kisha akapiga chafya ndefu ambayo mimi niliichukulia kuwa maoni. Niliposhuka nilikuwa nimevaa ngozi na zipu, soksi ndizo zilizokanyaga mchanga.

Mwalimu, ambaye alikuwa anajitahidi sana kukohoa badala ya kucheka, alikwenda kuniletea buti za mpira za kupandia farasi, zile zilizofinyangwa kwa kipande kimoja, zenye kisigino chake, na ambazo kwa kawaida ni nafuu kuliko za ngozi. Nikiwa nasubiri, fundi wa kwato, aliyekuwa akimvisha farasi mwingine viatu vipya, kazi inayorudiwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 kwa sababu kwato hazikomi kukua, aliokota kisigino changu, akakipindua huku na huku, akaniuliza kilipigiliwa misumari mingapi.

"Hakuna msumari, bwana. Ni gundi tu."

Akanirudishia kwa heshima. "Mteja wangu angenipiga teke," akasema, na kurejea kwenye kwato zake.