Fuwele ya wakati haijiendeshi bure
Makala yenu inasema fuwele ya wakati (mfumo ambao hali yake hujirudia kwa wakati, kama fuwele ya kawaida inavyojirudia mahali) iliyoundwa kwenye Sycamore, kichakataji cha kwanta cha Google, mwaka 2021 hujiendesha milele bila nishati. Sivyo. Husukumwa kwa mapigo ya mikrowevu kila mzunguko. Ajabu ni kwamba msukumo huo hauivurugi.

Kyubiti 20, yaani vipande vya msingi vya kompyuta ya kwanta, zilipangwa mstari mmoja. Kila mzunguko ziligeuzwa 0.97 ya nyuzi 180, pungufu kwa makusudi, kisha kila jirani akafungamanishwa na mwenzake kwa nguvu ya kubahatisha. Hata hivyo zilirudia hali ya mwanzo kila mizunguko miwili. Kubahatisha huko ndiyo roho ya jaribio: nguvu zikilingana kote, baadhi ya mipangilio ya mwanzo hudumu na mingine hufutika upesi, kwa hiyo ukipima mpangilio mmoja tu unajidanganya.

Ishara ya kujirudia huko ilififia, ndiyo. Kutenga kelele za mashine na fizikia yenyewe, watafiti waliendesha saketi (mfuatano wa hatua hizo) mbele kisha wakairudisha kinyume. Kilichopotea hapo ni cha kelele. Kwa kuwa safari hiyo ni maradufu, matokeo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha ishara iliyobaki baada yake. Grafu ya matokeo hayo ndiyo mngeichapisha, si picha ya jokofu la dhahabu linalopoza mashine.