Mnataka mtunza siri, mbona mnaanza kwa kumpekua?

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia insha yake ya kujieleza, ile ya kuombea nafasi ya uzamili wa saikolojia ya ushauri nasaha, nimtazamie Kiingereza chake. Kiingereza hakikuwa na neno. Kilichonipandisha mori ni maandishi mekundu ya pembeni. Kumbe alishamlipa mtu wa mtandaoni, wale wanaojiita wataalamu wa kukufungulia milango ya vyuo, naye kamrudishia kazi na maelekezo yake. Penye aya ya kaka yake, kijana aliyetafunwa na unga wa heroini na sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga, yule mtaalamu kaandika: "Ongeza hisia hapa. Ulimkuta katika hali gani? Msomaji amwone." Chini kidogo: "Machozi bado hayatoshi."

Hayatoshi! Kama mchuzi uliokosa chumvi.

Nikampigia simu. "Khalati," akaniambia, "ndivyo wanavyotaka. Fomu yenyewe imeuliza." Nikaifungua fomu, na kweli imeuliza. Inamtaka mwombaji aeleze mambo aliyoyapitia yeye au familia yake ambayo yamemvuta kwenye taaluma hii. Familia yake. Sijui aliyelitunga swali hilo alikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Huyo kaka yu hai. Anakaa Mombasa hiihii, na kila asubuhi anapanga foleni na wenzake, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha anakwenda zake kutafuta kibarua. Mama yake amejifunza kujibu "hajambo, yupo" na kugeuza mazungumzo kabla ya swali la pili. Mji wetu mnaujua. Ukitaja mtaa, jina la ukoo na kazi ya baba, mtu wa Majengo ashajua ni nani, na wa Kisauni atamalizia hadithi. Katika paneli ya uteuzi ya watu watatu hakosekani mmoja aliyekula pilau kwenye harusi ya wazazi wake. Hao ndio watakaosoma hali aliyokutwa nayo yule kijana, sakafuni, usiku ule. Yeye hakuulizwa wala hakutoa idhini, na hata hajui kwamba yumo ndani ya faili linalozunguka ofisi za chuo.

Wenye chuo, nieleweni vizuri. Kazi mnayotaka kumfundisha huyu binti ina mwiko ambao kila mwanafunzi huusikia wiki ya kwanza: la mteja halitoki nje ya chumba bila ridhaa yake, ila pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini au sheria inapolazimisha. Tangu 2014 tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia katika nchi hii, tuna bodi, tunazungumza habari za maadili kila kongamano. Halafu mlangoni kabisa, kabla hata hajalipa karo, mnampima kwa kumwambia atoe siri ya nduguye, aipambe, aitie machozi, na akiitoa vizuri mnampa alama. Aliyekataa mnasema hana kina.

Na hilo faili huenda wapi akikosa nafasi? Sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 imezihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa data nyeti. Mimi nimeona insha za waombaji zikifungiwa vitafunio. Sitanii. Ni karatasi zilizochapishwa upande mmoja, upande wa pili mweupe, mtu akaona hasara kuzitupa.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Ushauri wa "ongeza machozi" wanausambaza watu wanaodhani ndivyo wanavyofanya Wamarekani. Basi mwaka wa 2006 Drew Appleby na Karen Appleby walichapisha utafiti ambao waliwauliza wenyeviti wa kamati za kuchagua wanafunzi wa saikolojia huko Marekani ni mambo gani yanayoweza kuliua ombi zuri. Miongoni mwa majibu yaliyojitokeza: mwombaji kueleza matatizo yake mwenyewe ya afya ya akili, na kujifunua kupita kiasi. Wenyewe wenye saikolojia! Watu ambao mchana kutwa wanawaambia walimwengu "msione haya, zungumzeni", anapokuja mtu kuzungumza kwenye fomu yao wanamwekea alama ya mkasi. Kwa hiyo mpwa wangu kakaa katikati. Akisema huku, wa kule watamwona hajapona. Akinyamaza, wa huku watamwona mkavu.

Hapa kwetu balaa hilo lilikuwa na meno ya sheria. Kwa miaka na miaka kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hebu fikirini mwombaji wa kabla ya hapo, msichana mkweli kupindukia, aliyeulizwa na fomu apitie maumivu yake, akaandika kwamba akiwa kidato cha tatu alimeza vidonge na jirani akamwahi. Mwenyewe anadhani anaonyesha ujasiri, kumbe ameandika ungamo la jinai, akalitia sahihi, akaambatisha nakala ya kitambulisho. Na msimwambie mtu kwamba hakuna polisi ambaye angelisoma. Kilichomlinda ni bahati, na bahati hatuiandiki kwenye kanuni za maadili.

Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo. Sitakitaja chuo. Niliandika kuhusu ugonjwa wa mama yangu, sentensi mbili tatu, kwa sababu nilidhani bila hizo sitoki. Siku ya mahojiano mmoja wa wale walioketi mbele yangu akazisoma kwa sauti, polepole, kwa Kiingereza cha redioni, na katikati ya sentensi mlango ukafunguka, akaingia dada wa jikoni na birika na sahani ya mahamri. Msomaji akanyamaza akisubiri amiminiwe. "Sukari mbili," akasema. Kisha akaniangalia, akaendelea pale alipoachia. Yule dada alikuwa na adabu kuliko wote chumbani humo: aliinamisha macho, akatoka bila kufunga mlango kwa kishindo. Nafasi niliipata. Mama yangu alikufa hajui kwamba alinisaidia kuipata.

Haya, najua mtakalosema, na kwa shingo upande nitakubali nusu yake. Ni kweli mtu asiyejua kidonda chake kiko wapi anaweza kumwumiza mteja. Ni kweli wengi wetu tuliingia kazi hii kwa mlango wa maumivu; hata waganga wetu wa pepo, wengi wao husimulia kwamba waliugua kwanza, wakapungwa, ndipo wakaingia kilingeni kuwapunga wengine. Lakini huyo mganga alipungwa na watu wanaomjua, usiku kucha, wakimshika asianguke. Hakuambiwa aandike kurasa mbili na kuzipakia kabla ya saa sita usiku. Kama mnataka kujua kama mwanafunzi amefanya kazi juu ya nafsi yake, ndiyo maana programu nyingi zinamtaka aende yeye mwenyewe kwa mshauri wakati wa masomo, anasimamiwa kazi yake, anaangaliwa muhula baada ya muhula. Huko ndiko mahali pake, kwa mtu mmoja, mlango umefungwa.

Insha hiyo ina ubaya mwingine ambao sijaona ukisemwa. Inamfundisha mwombaji jambo lilelile tutakalokaa miaka miwili tukimkanya. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari. Viboko vilipopigwa marufuku mashuleni mwaka wa 2001, kazi yetu ikaongezeka kwa kauli tu: mwalimu mkuu hutazama nani ana vipindi vichache, anamkabidhi ufunguo wa stoo ya chaki na kumwambia hapo ndipo ofisi. Katika stoo hiyo nimewapokea walimu wengi wa mazoezi. Kosa linalowashinda kuliko yote ni "hata mimi". Mtoto anaanza kusema babake amehama nyumba, mwalimu anadakia: "Hata mimi babangu alituacha." Mtoto ananyamaza. Kuanzia hapo anamsikiliza mwalimu, anamwonea huruma mwalimu, na kengele inalia. Sasa nyinyi mnawachagua watu kwa umahiri wa "hata mimi".

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kila mtihani wetu lazima umtaje, aliandika mwaka wa 1957 kuhusu masharti yanayomwezesha mteja kubadilika: mshauri awe mkweli, amkubali mteja bila masharti, amwelewe kutoka ndani ya dunia ya mteja mwenyewe. Katika orodha yake hakuna mahali panapohitaji mshauri awe na kaka mgonjwa. Na kule Mbare, mtaa wa Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alipoanza mpango wake wa kutoa ushauri kwenye mabenchi mwaka wa 2006, alianza na akina nyanya 14 wahudumu wa afya wa mitaani, waliofundishwa kuketi na mtu na kumsaidia kulitatua tatizo moja kwanza. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani mwaka wa 2016, na yalikuwa mazuri. Wazee wale, kwa Kishona chao, wangeangushwa na fomu zetu kabla ya chai ya saa nne.

Basi mkitaka kumjua mtu, mketisheni. Mpeni mmoja wenu amlalamikie kuhusu mwenye nyumba aliyepandisha kodi, dakika kumi, kitu cha kawaida kisichomwaibisha yeyote. Mtazameni. Je, anamkatiza? Anatoa ushauri dakika ya pili? Anauliza maswali kwa udaku wake mwenyewe au kwa haja ya msemaji? Mwishoni mwambieni arudie alichosikia. Hapo mtaona kama mtu huyu ana sikio. Na mfanye zoezi hilo kwa Kiswahili, tafadhali, maana mteja wa Likoni haji kwetu kulia kwa Kiingereza.

Nyongeza mbili za haraka, kwa kuwa nishakasirika. Kumwomba mtu wa shahada ya kwanza cheti cha kidato cha nne kilichogongwa muhuri wa wakili ni kumlisha wakili. Na habari za mazoezi yasiyolipwa, juu yake msimamizi wa kulipwa na mshauri binafsi wa kulipwa, ndizo zinazowafanya watoto wa makuli wasiifikie kazi hii. Hilo lahitaji makala yake.

Mpwa wangu amelipangua lile andiko. Alimwendea kaka yake, akamweleza, akamsomea ile aya. Kaka akacheka pale penye sakafu, akasema ilikuwa godoro, kisha akasema anapendelea asiwemo. Ametoka. Mahali pake sasa pana habari za miezi aliyofanya kazi ya kujitolea katika dawati la kupokea wagonjwa la zahanati moja: jinsi alivyoona watu wakirudishwa kwa sababu walishindwa kusema kinachowasumbua mbele ya foleni, na jinsi alivyomshawishi mkuu wake asogeze meza nyuma ya pazia. Ni aya kavu na haina hata tone la chozi. Mimi ningekuwa kwenye paneli ningemchukua kwa lile pazia pekee.

Na nyinyi mnaojaza fomu msimu huu: andikeni mlichofanya, mlichosoma, mnachotaka kujifunza na kwa nani pale chuoni. La mwingine lisiingie bila yeye kuliona na kulikubali. La kwenu wenyewe, andikeni lile ambalo msingejali likisomwa na dada wa mahamri. Wakikubana kwenye mahojiano, jibu ni hili, na ni jibu la kitaaluma kabisa: "Hilo nitalizungumza na mshauri wangu." Halafu nyamaza, mtazame nani atakunja uso. Akiwa ndiye atakayesimamia tasnifu yako, vyuo vingine vipo, na vingine bado havijafunga maombi.