Ndege Zilidumu Kuliko Shirika

Nikitazama picha za zamani za East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, jicho langu hutafuta kwanza herufi za usajili. 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania. Shirika lilikuwa moja, lakini ndege zake ziliandikishwa katika nchi zote tatu. Zile jeti za abiria tano aina ya Super VC10 zilizoanza kuingia mwaka 1966, mbili zilikuwa za Uganda kwa usajili, mbili za Tanzania, moja ya Kenya. Naipenda sana hesabu hiyo.

Shirika lilizaliwa Januari 1946, enzi za Mwingereza, na vindege sita vya Dragon Rapide vilivyoundwa kwa mbao. Mwaka 1960 tayari lilikuwa linaruka Nairobi hadi London kwa jeti za Comet 4. Ndipo zikaja hizo VC10, injini nne zote mkiani, zenye nguvu ya kupaa hata kwenye joto na mwinuko kama wa Nairobi, mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari.

Wako wanaosema lilikufa kwa sababu mashirika ya umma hayadumu. Sikubali. Ethiopian Airlines ilianza kuruka mwaka huohuo wa 1946, ni mali ya serikali mpaka leo, na ndiyo kubwa kuliko zote Afrika.

La kwetu liliuawa na wenyewe. Makao makuu na karakana vilikuwa Nairobi, na manung'uniko juu ya nani anafaidi zaidi hayakuwahi kwisha. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Namwelewa Mwalimu kwa hilo, lakini gharama yake ilikuwa kubwa: marais watatu, waliokuwa mamlaka ya juu kabisa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye shirika hilo, hawakukutana tena. Kisha fedha za tiketi zikaanza kubaki zilikokusanywa. Shirika lenye madeni ya jeti haliwezi kuishi hivyo.

Januari 1977 Kenya ikaunda Kenya Airways. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Machi likaundwa Shirika la Ndege Tanzania. Kila nchi ilishikilia kilichokuwa ndani ya mipaka yake, na mgawanyo wa mali za Jumuiya ukaja kusainiwa mwaka 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Wanaoniuma zaidi ni wafanyakazi. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kuandamana Dar es Salaam wakidai mafao yao hata baada ya mwaka 2000, wazee kabisa, wengine wamekufa wakisubiri.

Jumuiya imefufuliwa, leo ina nchi nane, na bado hatuna ndege moja yenye jina letu sote. Naona ni aibu.

Na zile VC10? Moja iliangukia Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafa. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga la huko na kugeuzwa za kujazia wenzake mafuta angani. VC10 ya mwisho kuruka duniani, Septemba 25, 2013, ilikuwa mojawapo ya hizo nne. Usajili wake wa kwanza ulikuwa 5H-MMT.