Kanga za Mama Mkwe

Kikao cha walimu cha Ijumaa ndicho kilichoniponza. Nilitoka nje dakika tano tu kununua bajia. Niliporudi, kipande cha gazeti mkononi kimeshaloa mafuta, nikakuta kazi za Jumatatu zimegawanywa zote: uji una wenyewe, orodha za watoto zina wenyewe, viti vina wenyewe. Mapambo nikapewa mimi. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Mimi langu lilikuwepo, tena lilikuwa linanisubiri mezani.

"Wazazi wa darasa la kwanza wakifika getini," akasema Mwalimu Mkuu, "nataka hata kabla hawajasalimiwa na mtu wajue wamekaribishwa." Halafu akanipa shilingi elfu tano.

Elfu tano! Mwaka uliotangulia tulitundika maputo, na jua la Tanga la Januari halina utani: yalipasuka moja moja wakati wa dua, watoto wapya wakang'ang'ania mama zao wakaanza kulia, na kilio kikaambukiza mpaka darasa la pili. Kwa hiyo maputo hapana. Maua ya karatasi nayo upepo wa kaskazi unayapeperusha yote. Nikawa narudi nyumbani na baiskeli, nawaza, nikapishana na kina mama watatu wanatoka shughulini, wamevaa kanga sare. Papo hapo nikajiona nina akili nyingi.

Lazima niseme jambo hapa. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu kanga ni ya kubebea mtoto, kujitanda msibani na kufungia mzigo wa safari. Nimeoa Tanga mwaka wa sita sasa na sikuwahi kusoma kanga hata moja. Maneno nilijua yapo, lakini niliyachukulia kama gazeti la abiria mwenzako kwenye basi, hayanihusu. Kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na kwamba huku mwanamke dukani huuliza jina kwanza, rangi baadaye, hayo nimefundishwa mwaka huu, na ada nimelipa.

Jumapili alasiri nikaenda kwa mama mkwe, Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwenzio umemwacha wapi?"

"Yuko nyumbani, hajambo. Mie nimekuja na shida ya shule."

Nikamweleza. Uso ukamchanua. Akavuta sanduku la mbao kutoka mvunguni, akalifungua, chumba kizima kikanukia udi. Doti juu ya doti, nyingine za tangu harusi yake, maji hazijaguswa. Akatoa fungu la juu, rangi za kupendeza kabisa, akaniwekea mapajani.

"Ziwe za kukaribisha wageni, mama," nikasema.

"Za wageni zimo tele. Hivi, wazazi wote watakuja?"

"Wote."

"Hata wa huku mtaani kwetu?"

"Hata wa huku. Mjukuu wa bibi wa nyumba ya ng'ambo naye tumemwandikisha."

Mama akanyamaza kidogo. Akanyoosha mkono, akalichukua lile fungu mapajani pangu, akalirudisha. Akapiga magoti upya, akazama sandukuni mpaka mabegani, akawa anaibuka na moja moja kutoka chini kabisa. Anaikunjua, anaisoma midomo ikimcheza, anatabasamu, anaiweka pembeni. Moja aliisoma mara mbili akairudisha: "Hii kali mno, kuna watoto." Alipofika ya kumi akajifuta jasho.

"Haya baba. Hii itundike getini. Hii juu ya meza kuu. Hii hapo wanapogawiwa uji. Usije ukachanganya ukaniharibia."

Nilitoka pale nasema moyoni, wanaomsema vibaya mama mkwe hawajaoa Tanga.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri niko shuleni na bunda la kamba ya mkonge, kitu ambacho mji huu huwezi kukikosa. Nikafuata maagizo bila kuongeza wala kupunguza. Ya getini niliivuta nguzo kwa nguzo, uso ukitazama barabarani, mimi nikiwa ndani. Upande wangu herufi zilikuwa kinyume na kiza kilikuwa bado. Ya meza kuu nikaitundika kwenye kamba itokayo mwembeni hadi nguzo ya baraza, nikaikunja kati ili isiburute. Walimu wa kike walipofika wakasimama getini kitambo. Bi Taaluma akanitazama, akaitazama kanga, akanitazama tena.

"Mwalimu, Mkuu ameidhinisha?"

"Ndiye aliyenituma."

Akaingia ofisini ameziba mdomo kwa mtandio. Nikadhani mafua.

Saa moja na nusu wazazi wakaanza kuingia, wengi kwa baiskeli kama ilivyo Tanga, mtoto amepakiwa mbele kwenye fremu, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, begi mgongoni kubwa kuliko mwenyewe. Baba wa kwanza akashuka getini, akainua uso. Nikampungia mkono, karibu! Akasoma tena. Kisha akageuza baiskeli, mtoto bado yuko juu ya fremu, akaanza kuondoka. Nikamkimbilia.

"Mzee karibu, ni hapa hapa!"

"Mwalimu," akasema, macho chini, "ile hela ya mlinzi ya dada yake huyu nitaileta mwisho wa mwezi. Hamkuwa na haja ya kunitundikia."

Nikageuka, nikalitazama geti letu kutoka barabarani kwa mara ya kwanza. Kanga nyekundu na nyeusi, imevutika kama ngoma iliyokaushwa juani, na katikati, kwa herufi za kusomeka mpaka ng'ambo: AKUFUKUZAYE HAKUAMBII TOKA.

Nikarukia fundo. Sasa fundo la mkonge likishaingia umande hulifungui kwa kucha. Nilihangaika nalo huku nikiwasalimia watu, "karibuni, karibuni sana," na wao wanapita chini ya mikono yangu wananitazama kwa jicho la pembeni, kama wanaopita mlangoni kwa mtu aliyewanunia. Nikiwa natafuta kisu, rimu ya lori ikagongwa chini ya mwembe. Shughuli imeanza.

Mezani walikaa watatu: Mwalimu Mkuu katikati, mtendaji kushoto, na mwenyekiti wa kamati ya shule kulia. Mwenyekiti ndiye aliyetoa saruji ya kukarabatia vyoo mwaka jana, kwa hela yake mfukoni. Niliona ameinama mbele, shingo ameipinda, anajaribu kusoma kichwa chini miguu juu kitambaa cha meza kilichomning'inia magotini. Ilimchukua muda. FADHILA ZA PUNDA NI MATEKE. Akajiinua pole pole, akaikunja mikono kifuani, na tangu hapo hakucheka tena.

Mkuu akasimama. Mtu wa Kagera, mzungumzaji mzuri, sauti haihitaji kipaza. "Ndugu wazazi na walezi, karibuni. Hapa ni nyumbani." Akaeleza kwamba ada shule za msingi ilikwisha ondolewa, lakini daftari, sare na ufagio wa mtoto ni juu ya mzazi. Hapo ndipo kaskazi ilipoamka. Ikaingia kwenye ile kanga niliyoikunja, ikaifunua yote kwa mkupuo, ikaitandaza juu ya kichwa chake kama bendera: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Yeye hakuona, ilikuwa nyuma yake. Aliona tu wazazi wote wameinua nyuso, midomo inawacheza. Akadhani ni hotuba inawaingia, akazidi kupandisha sauti. Sijapata kuona wazazi wanasoma kwa bidii ile. Macho yalitoka pale yakahamia kamba ya pili, ya tatu, mpaka kwenye sufuria la uji.

Na jina la kanga lina ubaya mmoja: halina anwani. Kila mtu alisoma lake. Baba mmoja aliiona HASIDI HANA SABABU akahamisha kiti mbali na shemeji yake. Mama mwingine akanifuata nilipojificha nyuma ya mwembe, amemshika mtoto mkono, machozi yanamlengalenga.

"Mwalimu, nani kakwambia?"

"Kaniambia nini mama?"

Akanionyesha kwa kidole: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. "Ni kweli. Kile cheti cha kuzaliwa si chake, ni cha kaka yake. Huyu ana miaka minne na nusu. Ila ana akili mwalimu, mpime!" Mtoto, kwa kusikia anapimwa, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa kutafuta sikio la kushoto, kama walivyopimwa babu zake. Vidole viliishia kwenye utosi.

Mtu mmoja tu pale hakubabaika, naye ni bibi wa nyumba ya ng'ambo. Alikaa kiti cha mbele, mjukuu mapajani. Alizisoma kanga zote kumi kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama barua, akitikisa kichwa mwisho wa kila moja. Alipomaliza akamteremsha mjukuu. Akasimama, Mkuu akiwa katikati ya habari za nidhamu. Akaiweka vizuri kanga yake ya kiunoni, akaibana, kisha akageuka kuipa mgongo meza kuu. Akatulia hivyo.

Basi wale wakubwa watatu wakawa hawana pa kutazama ila pale, na pale palikuwa pameandikwa: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE.

Hotuba ikakatika. Nyuma huko kina mama wakaachia vigelegele. Mkuu akageuka kufuata macho ya watu, akaiona iliyo juu ya kichwa chake, akaisoma kimoyomoyo, nikaona masikio yanabadilika rangi.

"Mwalimu wa mapambo yuko wapi?"

Ofisini nilikaa nusu saa, na sitayaeleza. Kisa chenyewe alinipa mke wangu usiku, baada ya kucheka mpaka akashika ukuta. Zamani bibi wa ng'ambo aliazima kwa mama sinia la shaba, la shughuli ya harusi. Likarudi sinia jingine, dogo, limebonyea. Mama akasema si lenyewe, mwenzie akasema ndilo. Tangu hapo wanasalimiana vizuri tu, shikamoo na marahaba, ila hawazungumzi isipokuwa kwa kanga. Nami ndiye niliyekwenda kumpa mmoja wao uwanja mzima na hadhira.

Nilipompelekea mama kanga zake hakuniuliza habari za shule.

"Alisoma?"

"Zote, mama."

"Akavaa nini?"

Nikamwambia. Akafikiri, kidole shavuni. "Ya simba anayo? Kumbe. Basi na ile kali ningekupa tu."

Akazihesabu. Tisa. Nikamweleza kwamba ya kumi, ile ya penye uji, nilimwomba sana Mkuu ibaki, kwa sababu katika zote hiyo kweli ilitaja mgeni. Nilikuwa nataka angalau moja inisafishe jina. Mkuu, naye alishachoka, akasema iache. Mama akaniangalia kwa huruma. Yeye alikuwa amemkusudia yule bibi, aliyehamia mtaani miaka ishirini iliyopita na kwa mama bado hajawa mwenyeji.

Jumanne ikapita kwa amani. Watoto walikunywa uji, wakapotea vyoo, wakaonekana.

Jumatano asubuhi nilikuwa zamu getini. Akatokea yule baba wa hela ya mlinzi. Mtoto kwenye fremu kama kawaida, na nyuma kwenye keria, limefungwa kwa mpira, jembe, mpini mpya kabisa.

"Mwalimu, leo siku ya tatu. Nimelileta. Lakini nambie ukweli, hili ni mchango ama ni ada imerudi kwa mlango wa nyuma?"

Kabla sijajibu nikaona nyuma yake baiskeli nyingine, na jembe. Na nyingine. Bodaboda ikashusha mama, watoto pacha na majembe mawili. Bibi wa ng'ambo alikuja kwa miguu, mjukuu mkono huu, jembe mkono ule, lake akalisimika mwenyewe ukutani bila neno. Nikageuka kuitazama kanga ya penye uji, iliyokuwa inapepea peke yake kwa ushindi: MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE.

Hadi rimu inagongwa yalikuwa yameegemezwa majembe 31 kwenye ukuta wa stoo. Shule yetu ina kipande cha shamba la mihogo nyuma ya vyoo, na kwa miaka yote tulikuwa tunalilima kwa majembe manne, moja halina mpini. Mkuu akatoka ofisini, akayahesabu, akarudia kuyahesabu. Akalichukua moja, akalipima uzito, akalirudisha pahala pake kwa upole. Kisha akaniita pembeni, akashusha sauti.

"Mwalimu, huyo mama mkwe wako, hana kanga yoyote inayotaja madawati?"