Tube Screamer au Blues Driver: ipi itasikika ndani ya bendi?
Mpiga gita anayetafuta pedali ya ovadraivu, yaani kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachoipa sauti mikwaruzo kama ya amplifaya ya valvu iliyofunguliwa hadi mwisho, mara nyingi hujikuta akichagua kati ya mbili: Tube Screamer TS9 ya Ibanez, iliyotoka mwaka 1982, na Blues Driver BD-2 ya Boss, iliyoingia sokoni mwaka 1995. Wengi huzijaribu chumbani wakiwa peke yao, kisha hununua iliyowapendeza zaidi. Naona kosa linaanzia hapo, kwa sababu sauti tamu ya chumbani inaweza kupotea kabisa gita likishazungukwa na besi, kinanda na ngoma.

Chumbani BD-2 hushinda bila ubishi. Sauti yake ni pana, nzito chini na yenye kung'aa juu, na inautii mkono: ukigusa nyuzi taratibu inabaki karibu safi, ukizicharaza inakwaruza, na ukipunguza sauti kwenye gita lenyewe inasafika tena bila kukanyaga chochote. TS9 ikiwekwa kando yake husikika kama mtu anayesemea puani. Sababu imo ndani ya saketi, ambayo hukuza kwa nguvu sauti zilizo juu ya hezi 720 hivi (mitetemo 720 kwa sekunde), na chini ya hapo nguvu hiyo hupungua kadiri sauti inavyoshuka. Uzi mnene kuliko yote, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 82 kwa sekunde, kwa hiyo msingi wa sauti yake hupita karibu bila kukwaruzwa. Makali ya juu nayo hupunguzwa, na kinachobaki mbele ni sauti za kati.

Sasa ingia kwenye bendi yenye gita la solo, gita la ridhimu (la kusindikiza), besi na kinanda. Mazoezini niliwahi kuzibadilisha pedali hizi katika wimbo uleule, solo ikianzia freti ya 10 kwenye nyuzi mbili nyembamba. Kwa BD-2 nilijisikia vizuri mimi peke yangu. Ridhimu iliposhuka kwenye nyuzi nene kwa pedali hiyohiyo, mpiga besi akaanza kupandisha sauti ili ajitofautishe, na wote tukaishia kupiga kelele. Kwa TS9 solo ilipita katikati ya kinanda bila kuongezwa sauti, na besi ikabaki na nafasi yake.

Hata hivyo, TS9 hufanya kazi yake vizuri zaidi mbele ya amplifaya ambayo tayari inakaribia kukwaruza yenyewe. Stevie Ray Vaughan wa Texas aliitumia Tube Screamer kuzisukuma amplifaya za valvu zenye sauti kubwa mno. Wengi wetu hatuna vifaa hivyo. Tunakuta ukumbini amplifaya ya transista iliyo safi kabisa, na hapo TS9 hukonda, ilhali BD-2 huja na mwili wake. Katika bendi ya watu watatu upungufu huo husikika zaidi, maana hakuna ridhimu wala kinanda cha kuliziba pengo la chini. Ila gita likichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti za bendi, bila spika ya gita, sauti za juu za BD-2 huumiza masikio, na kitufe cha toni inabidi kishushwe chini ya nusu.

Kwa bendi kubwa ningechukua TS9, kitufe cha draivu (cha mikwaruzo) robo tu na cha sauti kupita nusu, nikiikanyaga wakati wa solo. Kwa watu watatu wenye amplifaya safi ningechukua BD-2. Anayeweza kuziazima zote mbili aende nazo mazoezini, asimame hatua kadhaa mbele ya spika wenzake wote wakipiga, kisha amuulize mpiga besi kama bado anaisikia besi yake.