Karma Mbaya na Ziwa Lisilouliza Nia

Mvuvi akirudi mwalo wa Kibirizi mtumbwi mtupu usiku wa tatu mfululizo, hakosekani wa kunong'ona kwamba kuna kitu alifanya. Wazee waliita mkosi. Vijana wa Kigoma siku hizi wanasema karma, yaani malipo ya matendo ya mtu.

Wabudha hutaja mizizi mitatu ya karma mbaya: tamaa, chuki na ujinga wa kutoona mambo yalivyo. Kwao nia ndiyo inayohesabiwa. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, ni wakali zaidi. Karma kwao ni chembe laini mno zinazoganda rohoni, na hata dhara usilolikusudia huacha alama.

Moyo wangu uko kwa Buddha, ila Ziwa Tanganyika linawapa haki Wajaini. Kokoro, wavu wa kukokota, huzoa samaki wachanga vilevile, awe anayelivuta anatamani boti ya pili au ana watoto waliolala njaa. Na doria haiwezi kuwa kila mahali usiku, kwa hiyo mtu anayeogopa malipo ya matendo yake ni mlinzi wa bure. Hapo karma ina kazi.

Inapoharibika ni kwenye kulipa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwenye nyavu halali na mwenye haramu wote walikaa nchi kavu. Kuna na joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, rutuba ya vilindini haipandi (kina kinafika mita 1,470), na chakula cha dagaa kinapungua. Moshi uliochangia joto hilo umetoka sana kwenye nchi za viwanda. Mvuvi wa Ujiji analipia tamaa ya nani?

Wapo watakaojibu kwamba ni ya maisha yake yaliyopita. Lakini Buddha mwenyewe, alipoulizwa na mtawa mzururaji aitwaye Sivaka kama kila maumivu yanatokana na matendo ya zamani, alikataa: alitaja sababu nane, zikiwemo maradhi ya mwili, mabadiliko ya majira na kushambuliwa, karma ikiwa moja tu kati yake.

Basi ajiulize karma mwenye kokoro, kabla hajalishusha. Jirani akiitumia kumpimia mwenzake ni umbea, na umbea wa aina hiyo ukifika kwa mganga, kuna bibi mzee mtaani atatajwa jina.