Kisumu hadi Mombasa: kilomita 700 ambazo ndege nayo huzisota

Ukipiga rula kwenye ramani, Kisumu hadi Mombasa ni kama kilomita 700. Gawa kwa mwendo wa jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa, unapata dakika 53 hivi. Hesabu safi, ila hakuna abiria aliyewahi kusafiri hivyo. Ndege hupanda taratibu, hushuka taratibu, na zile zenye mapangaboi haziufikii mwendo huo kabisa.

Wengi huilaumu Nairobi: eti kupitia huko ni kuzunguka. Sivyo. Kisumu–Nairobi angani ni kama kilomita 280, Nairobi–Mombasa kama 420. Jumlisha, ni zilezile 700, kwa sababu uwanja wa Jomo Kenyatta unakaribia kulalia mstari huohuo wa rula. Kinachopotea ni kungoja.

Chukua mtu wa Kondele, Kisumu, anayekwenda Likoni, ng'ambo ya feri Mombasa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko kwenye tuktuk. Anaruka saa moja, kabla ya saa mbili ametua Nairobi. Ndege ya kuunganisha inaondoka saa tano. Saa sita yuko Mombasa, anasubiri begi, anakwama Changamwe kwenye malori, anapanga foleni ya feri. Anapiga hodi Likoni saa nane mchana. Jumla amekuwa njiani kwa muda wa saa nane na nusu: wastani wa kilomita 82 kwa saa. Kidhibiti mwendo cha matatu ni 80!

Basi nalo lina kilomita 830 hivi za lami, kupitia Kericho, Nakuru na Nairobi, takriban saa 15. Karibu maradufu, na miguu inavimba. Lakini nyingi ya saa hizo ni za usiku. Unapanda alasiri, asubuhi uko Mombasa; hujapoteza siku ya kazi, hujalipia chumba. Ndege hula mchana, basi hula usingizi, na kwa mfanyabiashara hivyo viwili havina bei moja. Mama wa soko la Kibuye, Kisumu, mwenye magunia mawili ya omena hata habishani: kwenye mizani ya uwanja wa ndege angelipia mzigo zaidi ya nauli, na harufu ingemtangulia kaunta.

Ndege ya moja kwa moja ndiyo inayogeuza mambo. Tuipe saa moja na nusu angani: mtu wetu yuleyule wa Kondele anafika Likoni saa nne na nusu asubuhi, saa tano tu tangu atoke kwake. Hiyo, ikipatikana, naikatia tiketi bila kunung'unika, na naichagua ya asubuhi, kabla ziwa halijaanza kupika mawingu yake ya alasiri. Ya kuunganisha naiangalia kwanza pengo la Nairobi. Likizidi saa mbili, naenda stendi kuulizia kiti cha dirishani.